Sahani Isiyowashwa

Wengi waliokuja kumzika Mama mkubwa hawakujua alikuwa akifanya kazi gani. Jirani mmoja alidhani alikuwa mpishi wa wataalamu kule kituoni mlimani. Mwingine alishikilia kwamba marehemu alikuwa mshonaji, kwa kuwa aliwahi kumsikia akilalamika juu ya nyuzi zilizokatika. Wote wawili walikosea, ila wa pili hakuwa mbali. Kabla hajaajiriwa alikuwa na cherehani kwenye chumba cha mbele, akishona sare za shule na mapazia, na ni vidole vile vya kushona vilivyompatia kazi. Mungu ampumzishe. Alikuwa mtu wa mikono kuliko maneno, na jambo moja aliloshindwa kulisema kwa wakati wake lilimkalia kifuani mpaka nusura limmalize.

Nyumbani, watoto wa mdogo wake walimwita Mama mkubwa, na jina likamganda hata kwa watu wazima. Kazini aliitwa Mama Nyuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kituoni kuna darubini kubwa, na wataalamu wake wanataka kujua nyota za galaksi yetu zimeumbwa kwa vitu gani na zinatembea kuelekea wapi. Wakizitazama moja moja watazeeka kabla hawajamaliza kona moja ya anga. Kwa hiyo huchukua sahani ya alumini, pana kama sinia la kulia watu wengi, ikatobolewa matundu madogo madogo, kila tundu mahali pa nyota yake. Ndani ya kila tundu huchomekwa uzi wa kioo, mwembamba kiasi kwamba ukiudondosha sakafuni umeupoteza. Usiku sahani hupandishwa kwenye darubini, kila nyota ikaangaza ndani ya tundu lake, na mwanga wake ukasafiri kupitia uzi hadi kwenye mashine inayoupasua katika rangi. Kwenye rangi hizo kuna mistari myeusi. Mistari hiyo ndiyo inayosema kama nyota ina chuma kingi au kidogo, na kama inatujia au inatukimbia.

Lakini uzi haujichomeki wenyewe. Mchana, wakati nyota zimefichwa na jua na wataalamu wamejifunika mashuka, kuna watu wanaokaa mezani na kuchomeka. Mama mkubwa alichomeka nyota miaka na miaka na hakuwahi kukesha kuzitazama. Jua likizama alikuwa nyumbani, keshavua viatu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

Mwenzake mezani alikuwa mwanamume mnene mwenye vidole kama ndizi, aliyeitwa Tochi. Jina lake lilitoka kwenye desturi ya chumba kile. Namba ya uzi haiko kwenye ncha, maana ncha ni nyembamba mno kuandikwa kitu. Nyuzi hupangwa kwenye kichana chenye mapengo yenye namba. Unauchomoa uzi kwenye pengo lake na kuupeleka moja kwa moja kwenye tundu lake, bila kupumzika njiani. Ukishapoteza mfuatano, uzi wowote ni sawa na mwenzake. Kwa hiyo sahani ikijaa ni lazima iwashwe. Mtu mmoja anakaa mwisho wa pili wa nyuzi na kitaa kidogo, anauangaza uzi mmoja na kusoma namba yake kwa sauti. Wa pili anaitazama sahani aone ni tundu gani limewaka, na kujibu. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja peke yake hawezi kuwa pande zote mbili. Wakimaliza bila kosa, hubandika utepe wa kijani ukingoni. Sahani yenye utepe wa kijani hakuna anayeiuliza tena.

Tochi ndiye aliyekaa na kitaa, kwa sababu alipojaribu kuchomeka alivunja nyuzi kama mtu anayekula mifupa ya samaki. "Mungu alinipa koleo, wewe akakupa sindano," alimwambia Mama mkubwa. Naye alimjibu kwamba Mungu hakosei, ila siku ile alikuwa na haraka. Walikuwa wakitaniana hivyo mchana kutwa, na wakati wa kuwasha tu ndipo walipokuwa wazito kama watu walio kwenye ibada.

Sasa siku yenyewe.

Mama mzazi wa Mama mkubwa na mdogo wake alikuwa mgonjwa kitandani, nyumbani kwa huyo mdogo. Mdogo wake ndiye aliyemwosha, aliyemgeuza, aliyemlisha kwa kijiko. Mama mkubwa alipita kila jioni akitoka kazini. Mara nyingi simu ilikuwa imepigwa kituoni kwamba hali ya mama imebadilika, naye akashuka mbio na koti jeupe la kazi mwilini, akamkuta mama ameegemea mto, anauliza kwa nini amekuja mapema, au amefukuzwa. Walicheka, akarudi. Ikawa kila mara anaporudi anaikuta sahani imelala, na mkuu wa kituo amekunja uso.

Simu hawakuruhusiwa kuingia nazo kwenye chumba cha sahani. Zilikaa kwenye sanduku mlangoni, na aliyekuwa karibu ndiye aliyezisikiliza. Siku ile Tochi aliingia akiwa hajavaa hata glovu.

"Mdogo wako amepiga. Anasema uje."

"Amesema uje, au amesema uje sasa?"

"Sasa."

Mama mkubwa aliitazama sahani. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, pembe ya chini, na sahani ile ilikuwa inangojwa usiku uleule. Tochi akamwambia aache, atamalizia yeye, na kama nyuzi mbili tatu zitavunjika basi na zivunjike. Hapo ndipo moyo wa fundi ulipomponza. Aliona vidole vile vinene vikishika kazi yake, akaona aibu mapema kwa ajili ya uharibifu ambao bado haujatokea. Akamwambia Tochi akamtafutie gari. Likishapatikana yeye atakuwa amemaliza. Tochi alisimama kidogo mlangoni, kisha akaenda.

Uzi mmoja ulikataa kukaa. Aliuvuta ili aurudishe vizuri, na wa jirani yake ukatoka nao. Akajikuta ameshika nyuzi mbili kiganjani, ncha mbili zinazofanana kama punje za mchele, na matundu mawili yaliyo wazi yakimtazama. Upi ulikuwa wa wapi? Angemwita Tochi wawashe. Lakini Tochi alikuwa uwanjani anabishana na dereva wa gari la maji, na sauti yake ilisikika dirishani akisema ni mgonjwa, ni mgonjwa. Mama mkubwa alichagua. Aliuingiza mmoja huku na mwingine kule, akakichomeka kipande kilichobaki kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia. Kisha, kwa kuwa sahani isiyo na utepe haipandishwi, na isipopandishwa atakuwa amebaki bure, akaubandika utepe wa kijani. Tochi aliporudi aliuona, akafikiri fundi wa umeme alikuwa amepita akamsaidia kuwasha, kama ilivyotokea mara kadhaa. Hakuuliza. Alimvua koti mwenyewe na kumsukumia garini.

Alipofika, pazia lilikuwa limefungwa. Mdogo wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika mguu wa mama yao juu ya shuka.

"Dada, mbona umechelewa hivyo? Alikuwa anakuulizia."

"Ujumbe nimeupata sasa hivi," alisema Mama mkubwa. "Tochi alichelewa kuniambia."

Maneno yalitoka yenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kuzuia jiwe. Yakishatoka hayarudi. Wakaanza kulia pamoja, kila mmoja kwa lake.

Kwenye mazishi ya mama yao Tochi alibeba mabenchi, alichota maji, alisimama na wanaume makaburini mpaka udongo wa mwisho. Mdogo wake Mama mkubwa alimpa kikombe cha chai akiwa ametazama pembeni. Tochi alishangaa kidogo, akasema moyoni msiba una namna nyingi, akanywa chai yake. Mama mkubwa aliona. Aliona kila kitu kutoka alipokuwa ameketi, na akainamisha kichwa kama mfiwa.

Kuanzia hapo maisha yaliendelea kwa nje. Kwa ndani kulikuwa na mlango ambao hakuthubutu kuupita. Kanisani, walipofika pale pa kumwomba Mungu awasamehe, Mama mkubwa alikuwa anakohoa. Hakuanza kwa kukusudia. Sauti ilikwama mara ya kwanza, akakohoa kuifunika, na Jumapili iliyofuata kikohozi kikaja chenyewe mahali palepale. Mdogo wake, aliyesimama naye benchi moja, alidhani ni vumbi la kazini. Akaanza kuweka peremende mkobani, na kila walipokaribia pale alikuwa ameshaingiza mkono kuitafuta. Mama mkubwa aliipokea na kuinyonya, na ilikuwa chungu kinywani kama dawa.

Alijaribu kujisamehe kwa kuzungukazunguka. Alisema: mama angekufa hata ningekuwepo. Alisema: nyuzi mbili kati ya mamia, huenda nilizirudisha sawa. Hoja ya kwanza ilianguka kila alipokumbuka neno lile, alikuwa anakuulizia. Ya pili ilidumu muda mrefu kidogo, mpaka mkuu wa kituo alipowaita yeye na Tochi ofisini.

Mkuu hakuwa mkali. Alisema kuna mtafiti, binti anayemalizia shahada yake, amekuta jambo la ajabu kwenye sahani fulani. Je, wana hakika sahani hiyo iliwashwa? Kuirudia kungekula usiku mzima wa darubini, na usiku wa darubini watu wanaugombea, kwa hiyo anauliza kwanza. Akataja mwezi. Ulikuwa mwezi ambao Mama mkubwa alifiwa na mama yake.

Tochi alijibu kabla yake. "Ina utepe?"

"Wa kijani."

"Basi iliwashwa, mkuu. Utepe wetu haudanganyi."

Mkuu akamgeukia Mama mkubwa, na Mama mkubwa akasema ndiyo. Neno moja. Alitembea kurudi chumbani nyuma ya mgongo mpana wa Tochi, ambaye alikuwa anapiga mluzi, na akajua sasa kwamba uongo wake una watu wawili waliosimama mbele yake kuukinga, na wote wawili ni Tochi: yule aliyelaumiwa nyumbani na huyu aliyeapa ofisini.

Mtafiti mwenyewe alikuja kituoni siku moja mchana, amevaa viatu vya kutembelea mlimani na mkoba umejaa karatasi. Wiki iliyofuata alikuwa anasafiri kwenda kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa, na kabla ya kuondoka alitaka kukiona chumba ambamo, kama alivyosema, nyota zake zilizaliwa. Tochi alimwita Profesa mdogo tangu alipoingia mlangoni. Alikuwa mchangamfu, mwenye kuongea kwa mikono, na aliketi juu ya meza ambayo haikuruhusiwa kukaliwa, na hakuna aliyemwambia ashuke.

Tochi akamwomba awaeleze hicho alichokigundua, ila asitumie kizungu cha darasani. Binti akachukua sinia la chai. Akasema galaksi yetu imekaa hivi, bapa, na nyota zinazunguka katikati yake. Zile za kwanza kabisa zilizaliwa hakuna chuma. Chuma hupikwa ndani ya nyota, na nyota ikifa hutapika kila ilichopika, na zinazozaliwa baadaye zinarithi yale majivu. Kwa hiyo nyota yenye chuma kingi ni kijana, na yenye chuma kidogo ni mzee. Vijana wanatembea wametulia, sambamba na sinia. Wazee wamesukumwasukumwa enzi na enzi, wanazunguka huku wanapanda na kushuka, juu ya sinia na chini ya sinia. Chuma tunakisoma kwenye uzi, ila njia ya nyota tunaipima zaidi kwenye picha za anga zilizopigwa miaka mingi.

"Sasa mimi nimempata mzee, hana chuma kabisa, lakini anatembea katikati ya vijana, ametulia kama wao," alisema. "Ni sawa na kumkuta bibi kizee kwenye mchakamchaka wa shule."

"Na anaimba?" aliuliza Tochi.

"Anaimba, na mstari anaufuata." Binti alicheka. "Halafu nikampata wa pili. Huyu ni kijana, chuma tele, lakini anapanda na kushuka na wazee. Mtoto wa darasa la kwanza ameketi kwenye kikao cha ukoo, anatoa maoni. Mmoja ningesema ni bahati. Wawili, kwenye sahani moja, tena wako jirani? Lazima kuna kitu kiliwabadilishia njia. Sura nzima ya kazi yangu ni ya hawa wawili."

Tochi alikuwa anacheka mpaka tumbo linatikisika. Mama mkubwa alikuwa ameshika uzi hewani, kati ya kichana na sahani, na mkono wake haukwenda mbele wala kurudi nyuma. Jirani. Aliyaona yale matundu mawili kwenye pembe ya chini kana kwamba yametobolewa kwenye paji la uso wake. Wale wawili hawakubadilishwa njia na kitu chochote cha mbinguni.

Binti akafungua mkoba akatoa ukurasa. Alisema ni ukurasa wa shukrani, na kwamba kwa kawaida watu hushukuru maprofesa na wazazi, lakini yeye ameongeza mstari. Akasoma kwamba anawashukuru Mama Nyuzi na Tochi, ambao kwa uaminifu wa mikono yao kila nyota ilipata njia yake. Tochi alifuta macho kwa kiwiko. Hajawahi kuandikwa popote, alisema, isipokuwa kwenye kadi ya kliniki.

Mama mkubwa aliuweka uzi chini. Akavua glovu, moja, kisha ya pili.

"Mwanangu, nitoe mimi hapo."

"Kwa nini, mama?"

"Hiyo sahani haikuwashwa."

Tochi alicheka tena, akidhani ni utani. Akasema utepe upo. Mama mkubwa akasema utepe aliubandika yeye, peke yake, bila kitaa, na kwamba nyuzi mbili za pembe ya chini zilitoka pamoja akazirudisha kwa kubahatisha. Aliyasema yote akitazama ukingo wa meza. Aliposema ilikuwa siku gani, Tochi aliacha kucheka.

Binti alishuka mezani taratibu. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliuliza kama ana hakika, akajibiwa kwamba hana hakika, na hilo ndilo kosa lenyewe. Akazikusanya karatasi zake, nyingine zimepinduka, akatoka kwenda kwa mkuu. Mlango ulipofungwa walimsikia amesimama upande wa pili, hatembei.

Sahani za zamani hazitupwi. Hukaa ghalani, zimesimamishwa kwenye rafu kama vitabu. Waliiteremsha ile, utepe wa kijani ukiwa bado ukingoni, umefifia kidogo na vumbi juu yake. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni mikono nyuma muda wote, na Mama mkubwa akaichomeka upya huku anatazamwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha wakaiwasha. Tochi alisoma namba kwa sauti isiyo na utani hata chembe, naye akajibu tundu kwa tundu, mpaka mwisho. Utepe mpya hakuugusa. Aliubandika mkuu, na usiku sahani ikapandishwa tena kwenye darubini.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Wale wawili walikuwa wamebadilishana majina tu. Mzee alikuwa na wazee wenzake, anapanda na kushuka, na kijana alikuwa na vijana. Nyota za kawaida kabisa, za kujaza hesabu. Sura nzima ya kazi ya binti ikafutwa, na safari yake ikaahirishwa mpaka muhula mwingine. Alikuja chumbani kuaga. Alisema wangemwambia mkuu alipouliza mara ya kwanza, asingeandika hata ukurasa. Baadaye kidogo, akiwa ameshashika kitasa, akasema pia kwamba kama lingejulikana mbele ya maprofesa angekuwa amekwisha. Hakusema lipi kati ya hayo mawili ndilo lenye uzito zaidi. Mama mkubwa hakuomba aambiwe.

Aliondolewa kwenye uchomekaji kwa muda, akawekwa kufuta vichana na kupanga ghala. Hakulalamika. Tochi hakumsemesha siku kadhaa. Walikutana kwenye ngazi za nje, wakati wa chai, na Tochi ndiye aliyeanza.

"Kitu kimoja kinanisumbua, dada. Ungesema tu hujawasha. Tungewasha kesho yake. Nani angekula nyama yako? Ulikuwa na msiba."

Mama mkubwa alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ningesema haijawashwa, ingekuwa nimemwacha mama yangu akiniulizia kwa ajili ya kazi ambayo hata haikwisha. Ilibidi iwe imekwisha, Tochi. Ilibidi niwe nimebaki kwa ajili ya kitu."

Tochi alikunywa funda la chai. Chini yao dereva wa gari la maji alikuwa anafunga bomba. Mama mkubwa akaona kwamba akiishia hapo atakuwa amekiri nusu, na Mungu si wa kudanganywa na nusu. Akamwambia na lile la pili: kwamba nyumbani alisema Tochi ndiye aliyechelewesha ujumbe.

"Mimi," alisema Tochi.

"Wewe. Na uliniita mapema. Ukaniambia niache utamalizia."

Tochi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeona hesabu imetoka. "Ndiyo maana mdogo wako alinipa chai kama anayemwaga maji machafu. Mimi nikasema msiba." Alisimama, akakung'uta suruali. "La sahani nimelipokea, maana na mimi niliapa bila kuona. Hili si langu kulibeba. Nenda ukaliweke mahali pake."

Alikwenda Jumamosi. Mdogo wake alikuwa uani anaanua nguo, na bila salamu ndefu akamtupia pembe mbili za shuka ili walikunje. Lilikuwa shuka la kitanda kile cha mama. Mama mkubwa alilitambua kwa kiraka alichokishona mwenyewe. Walirudi nyuma kila mmoja upande wake, wakalinyoosha, na likiwa limekazwa kati yao akasema. Alisema ujumbe ulifika kwa wakati. Alisema Tochi alimsihi aende, na kwamba alibaki kwa hiari yake kumalizia kipande cha kazi, na kazi yenyewe akaiharibu. Alisema haya yote alipaswa kuyasema siku ileile.

Shuka lilibaki limekazwa. Mdogo wake hakuliachia wala hakusogea.

"Nilimwambia uko njiani," alisema mwishowe. "Alikuwa anatazama mlango, mimi namwambia dada yuko njiani, yuko njiani. Ukaja ukasema hukuambiwa, nikafurahi, unajua? Nikasema basi si kosa la dada. Nikamchukia yule baba wa watu mwaka mzima ili nisikuchukie wewe."

Mama mkubwa alikuwa analia bila sauti, mikono ikiwa imeshika shuka, hawezi kujifuta.

"Leo sisemi nimekusamehe," alisema mdogo wake. "Nitakuwa nadanganya mbele za Mungu, na uongo umeshatosha. Lete pembe."

Alipiga hatua mbele, naye akapiga mbele, wakakutana katikati na kuunganisha pembe. Wakalikunja lote, na mashuka mengine yaliyofuata, wakasema mambo ya sabuni na ya mvua. Alipokuwa anaondoka, mdogo wake alimwambia amlete Tochi siku yoyote, kuna chai anayomdai.

Kesho yake walisimama benchi moja kama kawaida. Walipokaribia pale, Mama mkubwa alisikia mkoba wa mdogo wake unafunguliwa, na karatasi ya peremende ikichakarika. Kikohozi kilikuja mpaka kooni, akakimeza. Akalisema neno la kuomba msamaha, kwa sauti ndogo iliyopasuka katikati, lote, mpaka mwisho wake. Mdogo wake alikuwa ameishika peremende mkononi, akitazama mbele. Aliishika mpaka sala ikaisha na watu wakaketi. Halafu, bila kumgeukia, akautafuta mkono wa dada yake na kumwekea kiganjani.